Je, tumpeleke mbwa wetu Arizona mwezi wa Juni?

"Daktari, sisi ni familia ya watu watano tunaoishi Fort Worth, Texas. Mwishoni mwa Juni tunataka kuendesha gari hadi Arizona kwa siku nane: Grand Canyon, Sedona, na ikiwezekana Phoenix na Tucson, ambako binamu yangu anaishi. Tuna mbwa wa miaka sita, German Shepherd wa kilo 34, na watoto hawataki kusikia habari ya kumwacha. Mume wangu anasema hakuna tatizo, kwani mbwa wa kwao Machakos hushinda juani na hawafi. Tukifika mahali ambapo mbwa haruhusiwi tutamwacha garini madirisha yakiwa wazi kidogo, au AC ikiwaka. Rafiki yangu ananiambia kwamba hifadhi zote za taifa za Marekani hazitaki mbwa, na kwamba dawa yake ni kununua mtandaoni ile fulana ya mbwa wa huduma. Mwingine amenishauri nimnyoe manyoya. Je, safari hii inawezekana? Na kama inawezekana, tufanye nini huko ambacho na yeye atakifurahia?"

Dada, safari yako inawezekana, na inaweza kuwa nzuri sana kwa mbwa wako, lakini si kwa mpangilio huo ulioniandikia. Wasiwasi wako una sehemu mbili ambazo ni afadhali tuzitenganishe: kama joto litamdhuru, na kama atapata pa kukanyaga. Ajabu ni kwamba sehemu hizo mbili zina ufumbuzi mmoja. Arizona si nchi moja tambarare ya jangwa kama wengi wanavyoidhania. Yuma iko karibu mita 40 tu juu ya usawa wa bahari, Phoenix kama mita 330, Tucson kama mita 730, ilhali Flagstaff na ukingo wa kusini wa Grand Canyon ziko kwenye mita 2,100 na zaidi. Ni tofauti ya Mombasa na Limuru, ila wewe unaweza kuivuka kwa saa mbili na nusu za barabara kuu. Mwishoni mwa Juni, mchana wa Phoenix huzidi nyuzi 40 za sentigredi bila mtu kushangaa, na siku hiyo hiyo Flagstaff hucheza kwenye nyuzi 27 au 28. (Gari lako litakuonyesha Farenhaiti, kumbuka tu kwamba 38 zetu ni 100 zao.) Kwa hiyo safari ya mbwa katika jimbo hili hupangwa kwanza kwa kimo cha ardhi na kwa saa za siku, kisha ndipo majina ya vivutio yanapofuata.

Nianze na mbwa wa Machakos, kwa sababu mumeo hasemi uongo, ila ameacha nusu ya habari. Mbwa wa kijijini ana mwili mwepesi na manyoya mafupi, na zaidi ya yote hana mtu anayemshika kamba. Saa sita mchana utamkuta chini ya ghala au uvunguni mwa lori. Shughuli zake hufanyika alfajiri na magharibi. Isitoshe, Machakos yenyewe iko kwenye kama mita 1,600, mahali ambapo joto la nyuzi 42 halijulikani. Mbwa wako, kwa upande mwingine, ni wa jamii iliyokuzwa Ujerumani kuchunga kondoo, ana manyoya ya tabaka mbili, na amelelewa kuwafuata nyinyi popote mwendapo. Hapo ndipo hatari ilipo: hatakwambia kwamba amechoka. Atatembea nyuma ya watoto mpaka miguu imkatike.

Mbwa hapozi mwili wake kwa jasho kama sisi. Ana tezi chache za jasho kwenye nyayo, ambazo mchango wake ni mdogo mno. Anachotegemea ni kutweta: hewa hupita kwa kasi juu ya ulimi, ndani ya kinywa na puani, unyevunyevu huvukizwa, na mvuke huo huondoka na joto la damu inayopita hapo. Njia hii hufanya kazi vizuri hewa inapokuwa kavu na iliyo baridi kuliko mwili, ambao kwa kawaida una nyuzi 38 hadi 39. Hewa ya nje inapofikia joto la mwili wenyewe, kilichobaki cha kumwokoa ni uvukizaji peke yake, na huo humgharimu maji mengi. Juni ndio mwezi mkavu kabisa Arizona, jambo linalomsaidia kupoa lakini humkausha upesi. Kuanzia Julai mvua za radi huleta unyevu, maji yakabaki mwilini lakini kutweta kukapungua nguvu. Mbwa wa kilo 34 hunywa takriban lita mbili kwa siku akiwa nyumbani. Nyinyi mbebeeni angalau lita nne za kwake peke yake, mbali na yenu, na mumpe kidogo kidogo kila mnaposimama badala ya kusubiri aonyeshe kiu.

Sasa gari. Hapa sitatafuta maneno laini: msimwache garini, si kwa dakika tano. Mwanga wa jua hupenya kioo, hufyonzwa na viti na dashibodi, kisha hurudishwa kama joto ambalo kioo hakilipitishi kirahisi. Vipimo vilivyofanywa kwenye magari yaliyoegeshwa juani vinaonyesha kwamba joto la ndani hupanda kwa takriban nyuzi 11 katika dakika kumi za kwanza na karibu 19 katika nusu saa, na kufungua madirisha kidogo hakubadilishi sana hesabu hiyo. Ukiegesha Sedona kukiwa na nyuzi 35, basi ukirudi baada ya "dakika kumi tu" utakuta 46. Kuhusu AC, mashine huzima, mkanda hukatika, na mbwa mkubwa anayerukaruka hukanyaga kitufe asichokijua. Shida ni kwamba likitokea lolote kati ya hayo hakuna mtu wa kuliona. Zaidi ya hayo, tangu 2017 sheria ya Arizona inamlinda mpita njia anayevunja kioo kumwokoa mtoto au mnyama wa kufugwa aliye hatarini, mradi ametimiza masharti kama kuwaita polisi kwanza na kubaki na mtoto au mnyama huyo mpaka wafike. Msishangae mkirudi mkakuta vioo chini.

Na kumnyoa? Hapana. Tabaka la ndani la manyoya ya German Shepherd hushika hewa inayozuia joto la nje lisifike ngozini upesi, na tabaka la juu humkinga na mionzi ya jua. Ukimnyoa hadi ngozi unamwachia jua limchome, na kwa mbwa wa tabaka mbili manyoya mara nyingine hurudi yakiwa na mabaka. Kinachofaa ni kumchana vizuri wiki moja kabla ya safari ili manyoya mafu yatoke na hewa ipite.

Rafiki yako amekosea kuhusu hifadhi, ingawa naelewa kosa limetoka wapi. Hifadhi za taifa za Marekani hazina kanuni moja ya mbwa. Kila hifadhi hujiwekea mipaka yake, na Arizona ina mifano miwili inayopingana kabisa. Saguaro, iliyo pembezoni mwa Tucson, humruhusu mbwa barabarani, kwenye maeneo ya mandari na kwenye njia mbili fupi zilizosakafiwa tu, basi. Petrified Forest, kinyume chake, humkaribisha kwenye njia zake zote na hata katika maeneo yake ya nyika, mradi amefungwa kamba isiyozidi futi sita, yaani kama mita 1.8, na asiingie majengoni. Grand Canyon iko katikati ya hizo mbili, nami nitairudia.

Fulana ya mtandaoni iache dukani. Kwa sheria ya Marekani mbwa wa huduma ni yule aliyefunzwa kazi mahususi inayohusiana na ulemavu wa mwenyewe. Kumvika fulana hakumgeuzi kuwa huyo, na Arizona inatoza faini kwa udanganyifu wa namna hiyo. Mbali na sheria, kila mbwa asiyefunzwa anayebweka ndani ya mkahawa humwongezea maswali kipofu atakayeingia baada yake na mbwa wa kweli.

Kutoka Fort Worth watu wengi hushika barabara ya I-10 kupitia El Paso, kwa sababu ndiyo inayoelekea Tucson na Phoenix. Mimi ningewashauri msiifuate. Pandeni 287 hadi Amarillo, mshike I-40 kuelekea magharibi, mlale Albuquerque, na mwingie Arizona kwa upande wa kaskazini-mashariki. Kuanzia Amarillo njia hii hukaa juu; hata Holbrook na Winslow, ambazo zina joto la kutosha, ziko kwenye mita 1,500 hivi. Simameni kila baada ya saa mbili au tatu, na mbwa asafiri amefungwa mkanda wake au ndani ya kizimba kilichokazwa, kwani kilo 34 zinazorushwa na breki ni hatari kwake na kwa watoto walio mbele yake.

Arizona haibadilishi saa majira ya joto, kwa hiyo Juni mtakuwa nyuma ya Texas kwa saa mbili. Hii ni zawadi. Watoto waliozoea kuamka saa moja asubuhi watafungua macho saa kumi na moja alfajiri ya huko, na jua huchomoza karibu na wakati huo huo. Saa nne za asubuhi kati ya mapambazuko na saa tatu ndizo za mbwa. Mchana ni wa kula, kulala na kuendesha gari. Jioni ni ya matembezi mafupi, mkishaipima lami kwanza. Weka mgongo wa kiganja chako juu yake kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, na yeye hawezi. Lami iliyo juani hufika nyuzi 50 hata siku ambayo hewa ina 25 tu, na huko Phoenix hupita 65, joto linalounguza ngozi ya nyayo kwa muda mfupi sana. Na haipoi jua linapozama. Huendelea kutoa joto hadi usiku.

Kituo chenu cha kwanza kiwe Petrified Forest, na kama ningelazimika kuchagua mahali pamoja tu kwa ajili ya mbwa katika jimbo zima, ningechagua hapo. Barabara ya hifadhi ina urefu wa kilomita 45 kati ya I-40 na barabara ya 180, nayo hukupitisha kwanza kwenye vilima vya rangi vya Painted Desert, kisha kwenye magogo ya miti iliyogeuka mawe. Miti hiyo iliishi zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, ikaangukia mitoni, ikafukiwa na matope na majivu ya volkano. Maji yenye madini yakaingia polepole mahali pa mbao na kuacha kwatsi yenye rangi nyekundu, njano na zambarau. Njia ya Blue Mesa ni mzunguko wa kilomita 1.6 unaoshuka kati ya vilima vya samawati. Kushuka ni rahisi, kupanda kurudi kunataka pumzi, kwa hiyo ianzeni mapema. Crystal Forest ni kilomita 1.2, tambarare, na ndiko magogo yalikolala karibu na njia. Hakuna kivuli popote, nalisema hilo wazi. Hifadhi hufungwa usiku na haina kambi ya magari, hivyo laleni Holbrook na mfike lango linapofunguliwa. Waambie watoto wasiokote hata kijipande: ni kosa la jinai, na mifuko ya watoto hujaa haraka. Huko pia mbwa wako anaweza kuapishwa kuwa "BARK Ranger", mpango wa hifadhi unaomfundisha mwenye mbwa kuokota kinyesi, kufunga kamba, kuheshimu wanyamapori na kujua mipaka. Watoto huupenda kuliko mbwa.

Kisha Flagstaff, na hapa ningependa mkae usiku tatu badala ya mmoja. Mji umezungukwa na msitu wa Coconino wenye misonobari mirefu ya ponderosa, ardhi yake imefunikwa na majani makavu yasiyochoma nyayo, na njia nyingi za msitu wa taifa humruhusu mbwa aliyefungwa kamba. Buffalo Park ni bustani pana ya wazi yenye njia tambarare inayofaa asubuhi ya kwanza, mbwa na binadamu wakiuzoea urefu wa mahali. Msishangae nyote mkihema kuliko kawaida. Sehemu moja ya kuepuka ni Inner Basin kwenye milima ya San Francisco: ni chanzo cha maji ya mji, na mbwa hawaruhusiwi. Mikahawa mingi ya katikati ya mji ina meza za nje ambapo mbwa hukaa chini ya kiti chako. Jambo la kuangalia kabla ya kuondoka ni vizuizi vya moto, kwani mwishoni mwa Juni msitu huwa mkavu na mara nyingine mamlaka hufunga sehemu zake zote.

Kutoka Flagstaff, ukingo wa kusini wa Grand Canyon ni mwendo wa saa moja na nusu. Kanuni ni rahisi kuikumbuka: juu ya ukingo ndiyo, chini ya ukingo hapana. Mbwa aliyefungwa kamba anaweza kutembea Rim Trail, njia ya kilomita 21 inayofuata mdomo wa korongo, anaweza kulala kwenye kambi ya Mather au Desert View, na Yavapai Lodge ina vyumba vinavyompokea. Hawezi kushuka njia za korongoni za Bright Angel wala South Kaibab, na kusema kweli hata kanuni isingekuwepo nisingewaruhusu, kwa sababu chini ya korongo majira ya joto huzidi nyuzi 40 na mwenye kushuka hukutana na kazi ya kupanda saa ile mbaya kabisa ya mchana.

Kuna mtego mmoja ambao wageni hawauoni. Kuanzia Machi hadi Novemba barabara ya Hermit Road haipitishi magari binafsi, ila mabasi ya hifadhi tu, na mabasi hayo hayachukui mbwa. Mkitembea naye mbali upande huo mkitegemea kurudi kwa basi, mtarudi kwa miguu. Badala yake tumieni Desert View Drive, inayopita upande wa mashariki na ambayo magari binafsi huipita mwaka mzima. Mnasimama kwenye kila kituo cha kutazama, mnatembea dakika ishirini, mnarudi garini pamoja naye. Mwisho wake kuna mnara wa mawe ambao msanifu Mary Colter aliukamilisha mwaka 1932. Na katika kijiji cha Grand Canyon, kilicho ukingoni, sehemu ya Rim Trail iitwayo Trail of Time ina alama ambapo kila mita ni miaka milioni moja ya dunia, jambo linalomfanya mtoto wa miaka kumi atembee kilomita mbili bila kulalamika. Kamba iwe fupi kweli kweli: ukingo mwingi hauna uzio, paa wakubwa waitwao elk hupita kati ya watu, na kindi wa mawe, wanaojifanya wapole, huuma na hubeba viroboto. Mkitaka watu wazima wote wawili washuke hatua kadhaa korongoni, hifadhi ina nyumba ya kutunzia mbwa kwa malipo. Weka nafasi mapema na ubebe cheti cha chanjo. Au pokezaneni. Sioni aibu katika kupokezana.

Sedona iko kama mita 1,300 na Juni ni moto, kwa hiyo iwe safari ya asubuhi tu. Shukeni kutoka Flagstaff kwa barabara ya 89A kupitia Oak Creek Canyon, na mtembee West Fork, njia yenye kivuli inayovukavuka kijito ambacho mbwa atalowesha miguu na tumbo. Miamba myekundu maarufu kama Bell Rock inamruhusu pia, lakini mawe yake hushika joto. Usichanganye na Red Rock State Park, ambayo haipokei mbwa kabisa, wala usimpange kuogelea Slide Rock, kwani huko mbwa hawaruhusiwi kwenye sehemu ya kuogelea. Mkifika mji wa Page kwa ajili ya Horseshoe Bend, pindo maarufu la mto Colorado, mbwa anaruhusiwa kwenye njia hiyo ya kilomita 2.4 kwenda na kurudi, ila ni uwazi mtupu, kwa hiyo ni ya alfajiri. Antelope Canyon, korongo jembamba la karibu na hapo, haimruhusu.

Nimebakiza Phoenix na Tucson, na ninajua binamu anangoja. Ushauri wangu wa kweli ni kwamba Phoenix mwondoe kwenye orodha. Mwaka 2023 mji huo ulikaa siku 31 mfululizo kwa nyuzi 43 na zaidi, na mamlaka ya bustani zake hupiga marufuku mbwa kwenye njia za milimani joto linapofika nyuzi 38. Maana yake, Juni, karibu kila siku. Tucson, kama ni lazima kwa sababu ya undugu, iendeeni kwa kuondoka Flagstaff usiku au alfajiri kuu, mbwa akae ndani ya nyumba ya binamu mchana, na asubuhi mpande naye Mount Lemmon, mlima wa karibu mita 2,800 ambako mtakutana tena na misonobari. Sabino Canyon, ambayo binamu pengine ataisifu, haitaki mbwa.

Kuhusu viumbe wa jangwani, sitaki kukutisha kupita kiasi. Arizona ina spishi 13 za nyoka wenye njuga mkiani, kuliko jimbo jingine lolote, nao wakati wa kiangazi hutembea zaidi usiku, alfajiri na jioni, yaani saa zile zile nilizokupa za matembezi. Hilo ndilo gharama ya kukwepa joto, na linalipika: kamba fupi, katikati ya njia, tochi kukiwa na giza, pua ya mbwa isiingizwe kwenye mashimo. Akiumwa, mbebeni, msimkimbize. Msikate jeraha, msifunge kamba, msiweke barafu. Mwende moja kwa moja kwenye hospitali ya wanyama yenye dawa ya sumu ya nyoka. Miiba ya dungusi aina ya cholla iondoe kwa kitana, si kwa vidole. Tucson kuna chura mkubwa wa jangwa la Sonora anayetoka usiku mvua zinapoanza. Ngozi yake ina sumu inayoweza kumwangusha mbwa kwa kifafa. Mbwa akimng'ata, futa ufizi na ulimi kwa kitambaa chenye maji, kichwa kikielekea chini ili asimeze, kisha hospitali.

Dalili za kiharusi cha joto ndizo ningependa kila aliye garini azijue, watoto pia: kutweta kusikokoma hata kivulini, mate mazito, ufizi mwekundu sana au uliopauka, kuyumba, kutapika, kuzubaa. Hapo hamsubiri. Mpelekeni kivulini, mwageni maji ya kawaida mwili mzima, mpepeeni, na endeleeni kumwagia mkielekea kwa daktari huku AC ikiwaka na madirisha yakipitisha hewa. Msimfunike taulo lililolowa, kwani hupata joto na kulizuia ndani. Hata akiamka na kuonekana mzima lazima aonwe, kwa sababu madhara ya figo, ini na kuganda kwa damu yanaweza kujitokeza siku moja au mbili baadaye. Na msimpe paracetamol wala ibuprofen kwa lolote. Zote mbili ni sumu kwake.

Sasa nikupe mizani yangu. Kama mnaweza kuihamisha safari hadi Oktoba, ihamisheni, na hapo hata Tucson inafunguka. Kama likizo ya watoto haiwaachi, nendeni Juni kwa njia ya kaskazini niliyoieleza, siku zote nane, na binamu aje Flagstaff. Watu wa Tucson hupenda kupanda huko kupumua. Kama Phoenix na Tucson haziondoki kwenye ratiba, basi mbwa abaki Texas kwa mtu anayemjua, nanyi msione kwamba mmemsaliti.

Vyovyote mtakavyoamua, mpeleke kwa daktari wake wiki tatu kabla. Miaka sita si uzee, lakini German Shepherd wa umri huo anaweza kuwa na nyonga zinazouma ambazo hujaziona, na mbwa mwenye uzito wa ziada, tatizo la moyo au sauti ya kukoroma anapotweta hafai kwa safari hii bila ruhusa ya mtu aliyemsikiliza kifua. Mwombe cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya kuzuia kupe na viroboto, kwani kupe wa kahawia wa mbwa, yule yule tunayemfahamu Afrika Mashariki, yuko Arizona na hubeba magonjwa mabaya. Andika kwenye karatasi namba za hospitali za wanyama za Flagstaff na za Albuquerque, maana kwenye maeneo mapana ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, simu hukosa mtandao.

Mkisharudi Fort Worth, endelea kumwangalia kwa miezi kadhaa. Udongo wa Arizona, hasa wa jangwa la chini kuzunguka Phoenix na Tucson, una kuvu anayesababisha ugonjwa uitwao Valley Fever. Mbwa humvuta pamoja na vumbi anapochimba au upepo unapovuma. Wengi hawaugui, lakini wengine hupata kikohozi kikavu, homa, kukonda, au kuchechemea bila jeraha, wiki au miezi baada ya safari. Unatibika, ingawa dawa huchukua miezi mingi. Daktari wa Texas anaweza asiufikirie kwanza, kwa hiyo ukimpeleka mbwa anayekohoa mwezi wa Septemba, anza kwa kumwambia kwamba alikuwa Arizona mwezi wa Juni, na umwombe kipimo cha damu cha kuvu huyo.